Ndege Haiko Camion

Batoto bangu ba atelier, banafunzi bangu ba sindano, ile siku ya kuniaga mulinipa kitenge na keki, mukanipiga picha na sindano mukononi sawa vile askofu anashikaka fimbo yake. Aksanti. Keki ilikuwa kavu kidogo, mais nilikula yote. Sasa munaniomba niandike kazi yangu, ju bale banakuya nyuma bajue. Mukono wangu ulizoea sindano, haukuzoea kalamu. Nitaandika vile ninaongeaka ku Kimemi, mutaa yetu ya Butembo, na mwenye anataka Kiswahili ya pwani aende ku pwani.

Naitwa Masika. Kwetu Banande ni jina ya binti wa kwanza, donc ukisimama ku soko ya Butembo ukiita "Masika!", nusu ya bamama banageuka. Mbele ya ndege nilikuwa couturière. Nilikuwa na mashine moja ya kukanyaga, mu kanyumba ka mbao ku Kimemi, nashona uniforme za batoto ba masomo na mablauzi ya bamama ya kwenda misa. Ndege niliionaka tu juu, inapita, nainua macho, narudisha macho ku kitambaa. Sikuwaza hata siku moja kama ile kitu ya juu itakuya kwangu kuomba nguo.

Mwenye aliileta ni Papa Paluku. Alikuwa muzee mufupi, mashavu ya kuingia ndani, alitumikaka zamani na bazungu ba mashamba ya kahawa, na kule alijifunza mbao na ndege pamoja. Aliingia mu kanyumba kangu na kipande ya kitambaa yenye kupasuka, akaiweka juu ya mashine, akauliza, "Unaweza kunishonea shati yenye haina kola, haina mikono, haina kifungo?"

"Ni shati ya nani, Papa?"

"Ya ndege."

Nilicheka. Nilizania ananitania, ju kwangu mimi ndege ilikuwa chuma. Yeye hakucheka. Akakamata uniforme moja yenye nilikuwa nimemaliza, akavuta mushono kwa nguvu yake yote mpaka nikalia, "Eh, Papa, hiyo ni ya mutoto ya batu!" Mushono haukukatika. Akasema, "Bon. Kesho ukuye ku Rughenda, ku kiwanja ya ndege. Ukuye na pantalo, kuko ngazi."

Ile pantalo njo ilileta vita mu nyumba. Bwana yangu Kambale hakukuwa na neno. Mama yake njo alikuwa na maneno. Alikuwa anaishi ku Kalunguta, anaongoza bamama ba parokia, na kila mutu alimuita Présidente, même padri. Akasikia kama bibi ya mutoto wake anavaa pantalo, anapanda ngazi mbele ya banaume, anashonea ndege nguo. Alipanda pikipiki mpaka Butembo, akakaa mu kiti, akakataa chai.

"Na hiyo ndege," akaniuliza, "iko na haya ya kutembea uchi?"

Nilirudisha chai mu jiko. Akarudi kwake, na kuanzia pale akawa ananiongelesha kupitia Kambale, hata kama tuko ku meza moja. "Kambale, uambie bibi yako chumvi haitoshi." Na mimi niko pale, sahani mukononi. Miaka mingi ilipita vile. Unazoea, mais inauma. Mama yangu mwenyewe alikufa wakati nilikuwa mudogo, na nilikuwa nimeolewa na tumaini ya kupata mwengine.

Tuache hiyo kidogo, turudi ku Rughenda, ku hangar, nyumba ya kulaza ndege. Siku ya kwanza nilikuta ndege imevuliwa yote. Ilikuwa ndege ya zamani, muzee kuliko mimi, ya batu bane. Bazungu ba mashamba baliiacha mu nyasi wakati balienda, na commerçant moja wa Butembo aliinunua wakati mugomba ulikuwa unapita mu bawa yake. Niliona mifupa ya mbao, myembamba, unaweza kuivunja na goti. Nikasema, "Yesu Maria, batu banapandaka hii?" Papa Paluku akajibu, "Banapanda ile yenye wewe utashona." Nilitaka kurudi Kimemi pale pale.

Alinipa kazi ya mukia na ya bipande byenye kugeuka. Ninyi munabijua, mais naandika pia ju ya mwenye hajue. Ndege inaongozwa na bipande bitatu: aileron, nyuma ya mabawa, ya kuilaza upande, profondeur, mukia wenye kulala, ya kuinua pua na kuishusha, na gouvernail, mukia wenye kusimama, yenye pilote anageuza na miguu ku pédale. Mu ndege za zamani, hibi byote ni mbavu tu na nguo juu. Bawa kubwa ikikuwa na kasoro kidogo, inavumilia. Gouvernail haivumilie.

Byombo byangu byote biliingia mu kapu moja. Sindano ndefu kupita kiganja, ya kupita kati ya mbavu toka upande moja mpaka ungine. Sindano ya kupinda, ya kona. Uzi nilipaka na nta ya nyuki, na nta ya Lubero njo ilikuwa muzuri, sauf ilibaki na miguu ya nyuki ndani. Kila mushono unafungwa fundo yake peke yake, ju moja ikikatika, ingine isifuate. Papa Paluku alikuwa anapita nyuma yangu, anakata fundo moja na wembe, kusudi aone kama jirani zake zitalegea. Nilimuchukia kabisa ile miezi ya kwanza. Leo nikiona mutu anashona uzi moja mrefu bila fundo katikati, roho yangu inaruka.

Nyuma ya kushona, unapaka dawa ya kukaza. Inanuka sawa ndizi yenye kuiva sana. Inakaza kitambaa mpaka ukigonga na kidole inalia sawa ngoma. Ku Butembo dawa ilitutesa, ju ya ukungu. Unapaka asubuhi, ukungu unaingia mu mulango bila hodi, na kitambaa yote inageuka nyeupe sawa maziwa. Njo maana tulikuwa tunashona Butembo na kupaka Beni, kule kuko joto. Tulifunga gouvernail mu mablanketi, tukaipandisha camion ya mizigo, mimi juu yake naishika. Ku kila barrière basoldat banauliza, "Mama, ni mulango ya nani?" Nasema, "Ni mukia ya ndege." Banacheka, banasema, "Basi na ndege yenyewe iko wapi, ulikula?" Nilikaa Beni siku za kukausha, ku Mavivi, kiwanja ya ndege ya kule, nikalala kwa dada yangu, nikarudi na harufu ya ndizi mu nywele. Leo kitambaa ni ya plastiki, munaikaza na pasi, mu dakika kidogo mumemaliza. Sina wivu. Niko na wivu kidogo.

Mais kitu kubwa Papa Paluku alinifundisha haikukuwa sindano, ilikuwa uzito. Mimi natoka mu couture ya Butembo. Kwetu kuko baridi, na nguo nzito ni heshima: unaweka doublure, kitambaa ya pili ya ndani, unapiga mushono mara mbili, muteja anainua koti, anaisikia mukononi, anasema, "Ah, hii ni nguo." Gouvernail yangu ya kwanza niliishona hivyo, na moyo yote, doublure ku kila kona. Papa Paluku akaiinua, akasema, "Ah, hii ni koti." Akanifanyisha kufumua yote.

Mais mbele ya kufumua, akaniita nione. Gouvernail inashikana na ndege ku charnière, mahali inageukia. Mbele ya charnière muko kipande ya risasi, ile madini nzito, ya kusawazisha. Akaweka charnière juu ya mihimili mbili, akaacha mukono. Ile yenye yeye alishona ikalala sawa, haikupanda, haikushuka. Ile yangu ikaanguka nyuma. "Ikianguka nyuma hapa," akasema, "kule juu upepo utaishika, itaanza kutetemeka. Ikianza, haitaacha mpaka ivunjike. Na pilote hatapata wakati ya kukutukana." Nikauliza, "Na ukiongeza risasi mbele?" Akasema, "Utaongeza risasi mpaka wapi? Utashindilia ndege risasi ikuwe jiwe. Punguza nyuma." Kuanzia pale nikawa mutu wa kupunguza. Hata mu nyumba, Kambale analalamika kama napika kidogo.

Papa Paluku alizeeka, macho yakaisha, akawa anakaa ku kiti mu hangar na kusikiliza tu. Nilikuwa nagonga kitambaa, yeye anasema "hapana" ao "ndiyo" bila kuangalia. Wakati huo tulipata pilote mupya, commandant Ilunga, mutoto ya Kasaï, alikuwa musoldat mbele. Mutu mukubwa wa mwili, mwenye adabu ya kupita kiasi, anachanganya Lingala na Kiswahili na kicheko. Alikuwa anasema, "Mama Masika, nga nazali, mimi niko na nguo yako tu juu kule, hapana kitu ingine." Nilimupenda sawa ndugu yangu.

Njo tunafika ku ile habari yenye munapendaka nisimulie, na kila mara munaisimulia vibaya.

Wifi yangu Kavira, dada ya Kambale, aliolewa kule upande ya Mbau. Mimba yake ya pili ilifika wakati wa kuzaa, na mutoto akakaa vibaya. Njia ya Beni ilikuwa imefungwa ju ya batu ba bunduki, munajua, sirudie. Ku shamba moja kule kulikuwa kiwanja kadogo ka majani, ka zamani. Ilunga akasema anaikumbuka. Akaenda na ndege yetu ya kitambaa, ju ni nyepesi, inasimama mahali ndege ya chuma haiwezi kusimama. Akamuleta Kavira mpaka Butembo, bakamupasua, na mutoto akatoka muzima, analia kwa hasira. Kijana. Leo anavaa kiatu kubwa kuliko ya baba yake.

Mama mukwe alikaa ku hospitali mpaka Kavira akatembea. Alipita mbele yangu mu corridor, akasimama, akanyoosha kitenge yake. Akaenda. Mais nyuma ya majuma mbili hivi, Ilunga akalala Kalunguta na ndege, alikuwa amepelekea parokia madawa, na kulikuwa karamu ya Bikira Maria. Bamama bakamulisha mpaka akashindwa kusimama. Wakati yeye analala kwa padri, bao bakafanya kazi.

Sasa mujue desturi yetu. Ku Butembo camion haiwezi kutembea bila neno. Mwenye kununua camion anaitisha fundi wa rangi, na nyuma pale anaandikiwa: aksanti kwa Mungu, ao kwa mama yake, ao masimango kwa jirani. Camion yenye haina neno inaonekana sawa yatima. Na hii ndege, yenye iliokoa mutoto ya parokia, ilikuwa nyeupe tupu, nyuma haina kitu. Bamama baliona haya mu nafasi yetu.

Asubuhi Ilunga alitoka, akakuta gouvernail imepakwa bleu ya mbingu, pande zote mbili, rangi ya mafuta ya camion, nzito, na juu yake maandishi ya manjano: AKSANTI MAMA MARIA. Padri alikuwa amemaliza kuibariki. Mama mukwe alisimama pale na rangi mu vidole, yeye mwenyewe alipaka herufi ya kwanza. Akamuambia Ilunga, "Ufikishe Butembo. Mwambie bibi ya Kambale ni mimi." Ilunga, na ile adabu yake, alipanda akaruka.

Alishuka ku Rughenda uso umegeuka majivu. Sikumuona hivyo siku ingine. Akakaa chini ya bawa, akavua viatu, akashika miguu yake.

"Mama Masika," akasema, "gouvernail inacheza ndombolo."

"Mara ngapi?"

"Kila mara naongeza mwendo. Napunguza, inatulia. Naongeza, inaanza. Pédale inanipiga miguu."

Nikageuka nikaona ile bleu. Muniamini, mbele ya kuona hatari niliona maandishi, na Ilunga akaniambia neno ya Mama, na machozi ikanitoka pale mbele ya banaume. Miaka yote ile ya "Kambale, uambie bibi yako," na sasa hii. Hakuandika jina yangu, mais aliandika ku kazi yangu. Mwenye ameolewa atanielewa.

Puis nikagonga na kidole. Haikulia sawa ngoma. Ililia sawa mbao. Chini ya gouvernail kunakuwaka tutundu tudogo twa kutoa maji, na rangi ilikuwa imetuziba twote. Mvua ya usiku ilikuwa imebaki ndani.

Mwenye ndege, ule commerçant, akakuya, akaangalia, akafurahi. "Muiache," akasema. "Ni jina muzuri kwangu na kwa parokia. Juma tatu kuko chanjo ya kupeleka Mbau, batu bataona." Ilunga akasema, "Nitaruka polepole, Mama Masika. Mimi hapana kumupa ule mama haya." Kambale akafika, akasoma mpaka mwisho. "Unajua mama yangu," akasema. Ndiyo, nilimujua. Rangi ya mafuta haitoke ku kitambaa yenye imeshika dawa, ukikwangua, unapasua. Hakukuwa njia ingine sauf kukata nguo yote na kushona ingine. Ku macho ya Mama, nitakuwa nimekamata wembe nimepasua jina ya Maria, na mukono yenye ilinyooshwa kwangu mara ya kwanza. Hatanisamehe hata akiwa ku kitanda ya kufa. Nikiiacha, juma tatu Ilunga anaweza kubaki mu pori ya Mbau na batu ba chanjo pamoja.

Papa Paluku alikuwa ku kiti yake. Nikamuangalia. Akasema, "Usiniangalie mimi. Mimi sioni rangi."

Nilikamata clé ya kufungulia nati, nikapanda ngazi, nikatoa gouvernail ku ndege mbele ya bote. Ndege yenye haina gouvernail, hata mwenye kuwa na adabu hawezi kuirusha. Ule commerçant akapiga kelele, nikamuambia apige tu, mimi nasikiliza. Puis nikamutuma Kambale Kalunguta: "Leta Mama. Usimuambie kitu."

Kosa ilikuwa pale, "usimuambie kitu." Alikuya amevaa kitenge ya karamu, kilemba mupya, na rozari ku shingo, ju alizania tunamuita kupigwa picha na ndege. Alikuwa anatabasamu. Akaingia mu hangar, akaona gouvernail imelazwa ku mihimili, na wembe pembeni. Tabasamu ikaisha.

"Kambale," akasema, "uulize bibi yako anafanya nini."

"Mama," nikasema, "leo uniulize mimi."

Akaniangalia. Macho ilikuwa mekundu. "Bon. Unafanya nini na aksanti yangu?"

"Nataka kuikata."

"Yesu!" Akapiga mikono ku kiuno. "Nilikuletea mukono, unaukata? Nilipaka na hiki kidole! Padri alibariki! Wewe uko na roho gani?"

Nilitia sindano mu katundu ka chini, nikazibua. Maji ikatoka, ikatoka, ikalowesha viatu byake bya karamu. Puis nikaacha mukono, gouvernail ikaanguka nyuma, pu! Ilunga akaruka. Nikaanza kueleza charnière, upepo, risasi, naona hanisikie. Anaangalia tu zile herufi.

"Ni rangi," akasema. "Rangi haina uzito. Punguza basi neno moja. Toa 'aksanti', uache Mama Maria."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa, nasema wazi. Puis nikaona ku kipaji ya uso ya Mama, chini ya kilemba, ile alama ya mukaba. Bamama bote ba Kalunguta bako nayo: mukaba unapita ku kipaji, muzigo uko mugongoni.

"Mama," nikasema, "ukibeba mihogo, unafungia kitunga wapi?"

"Swali gani hiyo? Juu. Ku mabega."

"Na mukaba ukilegea, kitunga ikashuka ku makalio, na wewe unashuka mulima?"

"Inakuchezesha. Inakutupa huku, inakutupa kule." Alikuwa ananijibu na hasira bado. "Ukikimbia njo mubaya zaidi. Mutoto wa jirani yangu Katungu alivunjika muguu hivyo..."

Akaangalia gouvernail, vile imelala na nyuma chini. Akasogea, akaiinua na kidole ile yenye ilipaka. Akaiacha. Pu. Akaiinua tena, akaiacha tena. Akageuka kwa Ilunga.

"Ilikuchezesha?"

"Kidogo, Mama."

"Kidogo namna gani?"

Ilunga akaangalia viatu. "Nilisali, Mama."

"Na ulijua? Ulipanda na unajua?"

"Sikutaka kukupa haya, Mama."

Alimupiga kofi ku bega, yeye mufupi, Ilunga murefu, ilibidi aruke. "Mupumbavu! Nikuzike na haya yangu? Mama yako ya Kasaï nitamuambia nini? Bikira Maria alituomba rangi?" Na pale pale akaanza kulia, analia na kumupiga, na Ilunga anasema, "Ndiyo Mama, ndiyo Mama," naye machozi ikamutoka. Kambale alienda inje kuangalia mawingu.

Wakati alimaliza kulia, alijifuta na kilemba ya karamu, akanyoosha mukono kwangu. "Leta kile kisu."

"Mama, ni wembe, inakata vibaya. Uniachie."

"Mimi nilipaka, mimi nitatoa. Unionyeshe wapi."

Nikaweka mukono yangu juu ya yake, nikamuonyesha vile wembe inafuata ubavu bila kugusa mbao. Vidole byake bilikuwa bigumu. Tulianza ku A ya kwanza. Akasali polepole, herufi kwa herufi, na mimi nikajibu sawa vile tunajibu rozari. Papa Paluku mu kiti yake akavua kofia. Kitambaa ilitoka yote moja, nzito sawa ngozi ya mbuzi, akaikunja akaiweka mu kapu. Baadaye niliona ku Kalunguta amefunika nayo kizimba ya kuku, ju haiingize mvua. Nilicheka, naye akacheka, akasema, "Imekuwa na kazi."

Nilishona ingine, nikaipeleka Beni ku joto, ikarudi inalia sawa ngoma. Chanjo ya Mbau ilichelewa juma moja, na ule commerçant alinuna mwezi muzima. Ilunga aliruka, akashuka, akasema, "Mama, imelala." Hakuna kitu ingine ya kusimulia hapo, na hiyo njo furaha ya kazi yetu: kama umefanya muzuri, hakuna hadisi.

Papa Paluku alikufa kwa uzee, kimya, na tulimuzika na wembe yake ya kukata fundo mufukoni. Nilibaki na atelier. Nyuma yake nilitengeneza mikia mingi, za hapa na za Bunia, na nilifundisha wengi benu. Nilifurahi mu kazi hii. Naiandika wazi ju batu banazania bafundi banalalamikaka tu.

Mais acha nimalize na siku moja ya msimu wa mvua. Nilikuwa nashona profondeur, mulango wazi. Mama mukwe alikuwa amekuya kuniletea avoka, na amekaa ku kiti ya Papa Paluku, anachambua maharagwe. Nikasikia sauti za bamama inje, wengi, banaimba. Balikuwa ba parokia ingine, jina yake naficha. Ndege ilikuwa imeokoa katechista wao. Balitembea na kuku mbili, ndizi, fundi wa rangi, na mukebe ya bleu.

Mama akasimama, maharagwe ikamwangika. Akatoka mpaka mbele ya ndege, akasimama chini ya gouvernail, mikono wazi.

"Hapana kugusa!" akasema. "Hapana kugusa hata na kidole. Ndege haiko camion!"

Mukubwa wao akashangaa. "Mama, tunaleta aksanti tu. Kidogo tu. Herufi tudogo."

"Herufi tudogo njo zinaua. Kama munataka kuandika, camion ziko ku soko, mukaandike kule mpaka mukebe iishe."

"Basi aksanti yetu tuiweke wapi?"

Nilisimama ku mulango, sindano mukononi, nataka kusaidia, sijue nisaidie nani. Mama akageuka, akaniona. Akaangalia muda kidogo. Puis akaninyooshea kidole.

"Ule njo anaishona," akasema. "Ako na masikio. Mumuambie yeye."

Bakakuya, batoto bangu. Moja moja, bakapanga mulongo sawa ku communion. Kila moja alishika mukono yangu, yenye dawa na nta, akasema, "Wasingya, Mama." Vile tunasemaka aksanti kwetu. "Wasingya." Nilisema "Ndiyo," nilisema "Hapana neno," mwishowe nilishika mikono tu. Fundi wa rangi pia alikuya, na mukebe yake. Bakaacha kuku, bakaenda na nyimbo yao.

Mama alikuwa amepanga mulongo nyuma yao bote. Sikumuona mpaka alifika. Alikuwa ameshika kapu mukono moja, na mukono ungine akakamata wangu.

"Wasingya, Masika," akasema. Puis akaenda kuokota maharagwe.

Nilirudi ku profondeur. Uzi ulikuwa na nta tayari, sindano ilikuwa mukononi, na macho haikuona tundu yake. Ile siku sikushona tena kitu.